Rodi ya kijiko imebanduka kromu

Kaka, umesema rodi ya silinda ya kijiko (ile mashine ya kuchimba) imebanduka kromu, lile tabaka gumu linalong'aa, sili mpya (mipira ya kuzuia mafuta yasivuje) hazimalizi mwezi, na fundi anataka kupaka kromu juu ya ile ya zamani. Usikubali; huyo anakwepa kazi. Ya zamani itolewe yote, chuma kisagwe kwa jiwe la mashine, ndipo rodi iingie kwenye tangi la asidi ya kromu na umeme. Kromu haizibi shimo, inafuata umbo lake, kwa hiyo mashimo ya kutu yajazwe kwanza kwa weldingi. Kromu ikishasagwa, unene wa mikroni 20 hadi 30 unatosha (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukienda kuichukua, pitisha ukucha: ukikwama popote, irudishe, sili itachanika hapo hapo. Kama imepinda, inyooshwe kabla ya kromu, maana ikishapakwa hupasuka ukiinyoosha.