Majibu yanasema si saratani, mbona naambiwa nirudi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 41, naishi Tanga. Mwezi wa nne nilipapasa uvimbe titi la kushoto, nikapigwa ultrasaundi, wakachukua kinyama kwa sindano. Majibu yalipotoka nikaambiwa, "Huna kitu, mshukuru Mungu." Lakini karatasi inasema seli zimeongezeka bila atipia, nirudi baada ya mwaka. Mama mdogo alifariki kwa saratani ya titi, na wifi yangu anasema sindano ile ndiyo itakayoiamsha. Nina kitu au sina?
Mama Wawili, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na wifi. Msalimie, umwambie sindano haiamshi saratani. Maneno haya nimeyasikia miaka yote niliyokaa kwenye hadubini, na chanzo chake nakijua: mtu anafika hospitali ugonjwa umeshasambaa, anachukuliwa kinyama, baada ya miezi michache anafariki, lawama zote anabebeshwa aliyeshika sindano.

Haya, karatasi. "Si saratani" ni kapu moja lenye vitu vya kila namna, na huyo aliyekwambia huna kitu hakukufungulia kapu. Sisi wa maabara tunagawa makundi matatu. La kwanza seli hazijaongezeka: vifuko vya maji, kwa mfano. La pili ndilo lako: seli za ndani ya vijifereji vya maziwa zimeongezeka, ila sura yake ni ya kawaida. La tatu zimeongezeka na sura imeanza kupotoka. Hiyo ndiyo atipia, na wewe huna.

Kule Marekani, Kliniki ya Mayo mjini Rochester iliwafuatilia wanawake 9,087 waliochukuliwa kinyama kati ya 1967 na 1991 wakakutwa hawana saratani. Matokeo yalitoka 2005. Wakilinganishwa na wanawake kwa jumla, kundi la kwanza hatari yao ya kupata saratani ya titi ilikuwa mara 1.27, na wasio na ndugu aliyeugua haikuzidi kabisa. La pili mara 1.88. La tatu mara 4.24.

Hiyo 1.88 isikunyime usingizi. Katika wanawake wote hao, waliougua kwa muda wa takriban miaka 15 ni 707, kama 8 katika kila 100. Najua utasema hao ni Wazungu, na kweli wengi wao walikuwa Wazungu. Lakini katika mji wa Detroit, hukohuko Marekani, waliwafuatilia wanawake Weusi, na huko pia wenye atipia ndio waliokuwa na hatari kubwa.

Jambo ambalo wengi hawaelezwi ni kwamba hatari hiyo haikai ndani ya uvimbe uliochomwa sindano. Inahusu matiti yote mawili, kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukirudi, la kulia nalo lipimwe, na uulize kama mamogramu, yaani eksirei ya matiti, inapatikana. Muulize pia daktari wako kama picha ya ultrasaundi na majibu ya kinyama vinakubaliana. Sindano huchukua kipande kidogo tu. Picha ikionyesha jambo la kutia shaka na kinyama kikasema shwari, kipimo hurudiwa au uvimbe huondolewa wote.

Mwaka usiusubiri ukiona uvimbe unakua, chuchu inaingia ndani au inatoa damu, au ngozi inakunjamana. Na toa nakala ya karatasi hiyo uiweke nyumbani. Mafaili ya hospitali yana tabia ya kupotea siku unayoyahitaji.

Kuhusu mama mdogo, hukuniambia aliugua akiwa na umri gani. Mama mzazi au dada wa tumbo moja huhesabiwa kwa uzito zaidi, lakini kama mama mdogo aliugua kabla ya miaka 50, au yuko mwingine upande huo aliyeugua, mpango wa kukufuatilia unaweza kubadilika. Muulize mama yako, kisha uende na jibu hilo kliniki.