Maswali na Majibu ya Kompyuta: Hatua za Ziada za Kisakinishi Ziandikwe kwa Lugha Gani?

Swali. Mwalimu, shikamoo. Mimi na mwenzangu tumetengeneza programu ya kupokelea kahawa katika AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za wilaya ya Mbozi. Inasoma uzito kutoka kwenye mizani, inamwandika mkulima na kutoa risiti. Kisakinishi chetu ni cha aina ya MSI, tumekijenga kwa zana ya WiX, lakini kuna mambo matatu ambayo tunapaswa kukiandikia sisi wenyewe: kuhakiki namba ya leseni, kutafuta poti ambayo mizani imechomekwa, na kuhamishia hifadhidata ya msimu uliopita kwenye muundo mpya. Mwenzangu anataka VBScript kwa sababu ni fupi, mimi nimezoea C#, na kaka mmoja aliyetutangulia chuoni anasisitiza kwamba kazi hii ni ya C++ tu. Kompyuta nyingi za huko zina Windows 10, chache bado ni Windows 7, na intaneti ni ya bando la simu. Tumsikilize nani?
*Msomaji, Mwanjelwa, Mbeya*

Jibu. Marahaba. Kabla ya kuchagua lugha, zipunguzeni kwanza hizo hatua, kwa kuwa mbili kati ya tatu hazikustahili kuwamo kwenye kisakinishi. Faili la MSI si programu inayotekeleza amri moja baada ya nyingine. Ni hifadhidata ya majedwali yanayoeleza mafaili yaende wapi, rejista (hazina ya mipangilio ya Windows) iandikwe nini na huduma zipi ziwashwe. Windows Installer, iliyokuja na Office 2000, huyasoma majedwali hayo, na kwa sababu inayajua yote ndiyo maana huweza kurudisha kila kitu kilivyokuwa usakinishaji unapokwama katikati. Hatua mliyoiandika wenyewe haimo katika majedwali hayo, kwa hiyo haitarudishwa nyuma mpaka muiandikie na hatua nyingine ya kuitengua. Watengenezaji wengi hulisahau hilo, nao wateja hubaki na kompyuta ambazo programu haijaingia kikamilifu wala haijatoka.

Hifadhidata ihamishwe na programu yenyewe inapofunguliwa kwa mara ya kwanza, kwani hapo mna dirisha la kumweleza karani kinachoendelea, mnaweza kunakili data ya zamani kabla ya kuigusa, na kazi ikishindikana mtairudia bila kusakinisha upya. Suala la poti nalo liwekwe kwenye mipangilio. Siku ya kusakinisha mizani huenda imefungiwa ghalani, na hata ikiwa mezani, waya wa kubadilisha USB kuwa siriali ukihamishiwa tundu jingine mara nyingi hupewa namba mpya, kwa hiyo COM3 ya leo inaweza kuwa COM5 kesho, na kisakinishi kilishamaliza kazi yake zamani.

Imebaki leseni, na hapo ndipo swali la lugha linapoanza. Kigezo changu ni kimoja: je, kompyuta ya mteja ina nini kabla programu yenu haijafika? Hatua ya kisakinishi huendeshwa wakati ambapo hakuna chochote chenu kilichokwisha kuwekwa, na huenda ikaitwa tena miaka kadhaa baadaye, mteja anapoiondoa programu. Ufupi wa msimbo na mazoea ya mwandishi ni mambo ya kuangaliwa baada ya hayo.

Kwa kigezo hicho VBScript inaanguka mapema. Mwezi Oktoba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba inaiondoa lugha hiyo hatua kwa hatua. Katika Windows 11 toleo la 24H2 imegeuzwa kuwa nyongeza ya hiari, ambayo kwa sasa huja ikiwa imewashwa, na mpango ni kuizima na hatimaye kuitoa kabisa. Hata kabla ya tangazo hilo ilikuwa inasumbua: antivairasi huishuku, na kompyuta ambayo usajili wa VBScript umeharibika hutoa kosa namba 2738, ambalo halimwelezi karani lolote la maana. Hofu yangu kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya baadaye. Windows huhifadhi nakala ya MSI yenu ndani ya folda ya C:\Windows\Installer, na siku mtakapotoa toleo jipya linaloliondoa la zamani, hatua za uondoaji zitakazoitwa ni zile za zamani. Ikiwa ziliandikwa kwa lugha ambayo haipo tena kwenye kompyuta hiyo, toleo jipya linaweza kukataa kuingia kwa kosa ambalo hamna tena namna ya kulirekebisha katika faili lililokwisha kusambazwa.

C# ina hali nzuri zaidi. WiX ina sehemu inayoitwa DTF, ambayo huufunga msimbo wenu ndani ya DLL ya kawaida, yaani faili la msimbo linaloitwa na programu nyingine. Hatua inapoitwa, DLL hiyo huufungua kwenye folda ya muda na kuuendesha katika mchakato wa pembeni. Mtego upo kwenye matoleo ya .NET, mazingira ambayo C# huhitaji ili iendeshwe. Windows 7 ilikuja na 3.5.1 bila 4, ilhali Windows 10 ilikuja na 4.6 au zaidi, na 3.5 kwake ni nyongeza ambayo kwa kawaida hupakuliwa mtandaoni, jambo ambalo kwa bando la simu pale Mbozi si la kumtakia mtu. Mkiamua kutumia C#, kompaili kwa 3.5, kisha katika faili la CustomAction.config orodhesheni v4.0 kwanza na v2.0.50727 baadaye, ili kila kompyuta itumie ile iliyo nayo. Msitegemee .NET 5 na zinazoifuata kwa kazi hii, kwani haziji pamoja na Windows.

Hata hivyo, kwa hatua moja ndogo kama yenu, naungana na kaka yenu. DLL ya C++ iliyokompailiwa kwa chaguo la /MT hubeba maktaba ya C ndani yake, haihitaji chochote kingine, na itaendeshwa kwenye Windows 7 sawasawa na kwenye Windows 10. Ni kweli kwamba C++ inachosha katika kushughulikia maandishi na kumbukumbu, lakini kinachotakiwa hapa hakizidi ukurasa mmoja au miwili: soma namba kwa MsiGetProperty, ihakiki, kisha andika jibu kwa MsiSetProperty katika sifa (thamani yenye jina ambayo kisakinishi huikumbuka) ambayo dirisha lenu litaisoma. Namba ikiwa si sahihi, hatua yenu irudishe ERROR_SUCCESS (jibu la kufaulu) vilevile, kwani mkirudisha kosa Windows Installer itafunga usakinishaji wote badala ya kumpa karani nafasi ya kuandika tena. Kumbukeni pia kwamba anayesakinisha kimyakimya kwa /qn haoni dirisha lolote, kwa hiyo programu nayo iihakiki leseni inapofunguliwa.

Kabla ya kuipeleka kwenye AMCOS, isakinisheni kwa amri ya msiexec /i kahawa.msi /l*v logi.txt, na ikigoma mtafute maneno "Return value 3" ndani ya faili hilo. Hatua iliyoshindwa huonekana mistari michache juu yake. Karani anaweza kuwatumia faili hilo kwa WhatsApp, na mkaokoa nauli ya kwenda Vwawa.

Swali. Ninatengeneza programu ya ada za shule, na kisakinishi changu ni cha Inno Setup. Rafiki yangu ananiambia Pascal imepitwa na wakati, nihamie MSI ili niandike kwa lugha ya kisasa. Ana hoja?
*Msomaji, Iringa Mjini*

Jibu. Hana. Inno Setup, kazi ya Jordan Russell iliyoanza mwaka 1997, haisomwi na Windows Installer. Ni programu inayojitegemea, na mfasiri wa Pascal yumo ndani ya faili lenyewe la usakinishaji. Maana yake ni kwamba msimbo wako hautegemei chochote cha kwenye kompyuta ya shule, na hicho ndicho kigezo nilichompa msomaji wa Mwanjelwa. Kumzuia mtu asiendelee bila kujaza jina la shule kunahitaji mistari michache tu katika NextButtonClick, na ukihitaji kitu ambacho Pascal haikifikii, unaweza kuiita DLL. MSI ina faida pale msimamizi wa mtandao mkubwa anaposambaza programu kwa kompyuta nyingi kutoka kwenye seva. Kwa shule zenye kompyuta mbili ofisini kwa mhasibu, baki ulipo.

Swali. Skripti yangu ya PowerShell inafanya kazi nikiiendesha kwa mkono, lakini ndani ya MSI inaliona jina la folda ya programu kuwa tupu. Je, nibadilishe lugha?
*Msomaji, Makambako*

Jibu. Ungeliandika kwa C++ lingetokea lilelile. Hatua inayobadilisha kompyuta huahirishwa na kuendeshwa baadaye na huduma ya Windows Installer, na wakati huo sifa za kisakinishi hazisomeki isipokuwa chache, mojawapo ikiwa CustomActionData. Weka hatua ya awali itakayoliandika jina la folda katika sifa yenye jina sawa na la hatua yako iliyoahirishwa, nayo italipokea kupitia CustomActionData. PowerShell, kwa kuwa unaiita kama programu ya nje, haiwezi kuisoma sifa hiyo yenyewe, kwa hiyo utahitaji DLL ndogo katikati au hatua ya WiX iliyotengenezwa kwa ajili ya kuita programu kimyakimya. Angalia pia kwamba MSI ya biti 32 huiita PowerShell ya biti 32, ambayo huandika rejista chini ya Wow6432Node, sehemu ya programu za biti 32. Ikiwa programu yako ni ya biti 64, haitakiona ilichoandikiwa, na dawa ni kuijenga MSI nayo kwa biti 64.