Jibu: Pipa la taka nilizotenganisha linaachwa

Salama ndugu. Nilivyokuelewa, unatenganisha plastiki, karatasi na makopo, lakini gari likipita pipa lako linaachwa lilivyo, wiki ya tatu sasa.

Kabla hujamlaumu mtu, lifungue uangalie kama kuna kilicholowa. Langu liliachwa mara mbili. Kuchungulia, chupa ya mafuta ya kupikia, kifuniko kimelegea, imelowesha magazeti yote. Karatasi ikishashika mafuta basi tena: kiwandani hulowekwa iwe rojo, na mafuta hayaachani na nyuzi zake. Siku hizi nasuuza kidogo (usipoteze maji kung'arisha kopo!) kisha nakiinamisha chombo kikauke.

Pia usifungie vitu kwenye mfuko wa plastiki. Wachambuzi hawaoni kilichomo, na mfuko wenyewe hujisokota kwenye mashine.

Chupa nazo, tazama kitako. Pembetatu yenye 1 au 2 hupokelewa sehemu nyingi, 6 mara nyingi hukataliwa. Ila namba hutaja aina ya plastiki tu, si ahadi ya kupokelewa, kwa hiyo omba orodha kwa wanaokusanya kwenu. Betri zitoe kabisa. Za lithiamu zikibanwa garini huweza kushika moto.