Je, Nilikosea Kucheka?

SWALI: Mhariri, juma lililopita mimi na rafiki yangu tulitazama mchezo wa kuigiza unaomhusu kijana aliyeachwa na mchumba wake siku chache kabla ya harusi. Anaamua kujiua na kuketi aandike barua ya mwisho, lakini kila anaposhika kalamu mlango unabishwa: mwenye nyumba anadai kodi, jirani anaazima pasi, mjomba anataka arudishiwe mchango wake wa harusi. Taa zinazimwa kabla hatujajua hatima yake. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu, nami nilicheka hadi nikamkumbuka binamu yangu aliyejiua miaka sita iliyopita, nikaona haya. Rafiki yangu, ambaye uchumba wake ulivunjika hivi karibuni, alitoka kimya na hajautaja mchezo huo tena. Je, mtunzi alikosea? Nami nilikosea?

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa kumpoteza binamu yako. Hukukosea. Kwa jinsi ulivyosimulia, waliochekwa si yule kijana, bali ni watu walioingia chumbani wakaiona kodi, pasi na mchango, wasimwone mtu aliyekata tamaa mbele ya macho yao. Kicheko cha namna hiyo kinauma kwa sababu kinamgusa hata anayecheka; nadhani haya uliyoiona ilitokana na hilo, wala si na utovu wa heshima kwa marehemu. Lau mtunzi angeyafanyia dhihaka machozi ya kijana mwenyewe, ningekujibu vingine.

Kuchanganya kicheko na jambo hili si kugeni jukwaani. Katika "Filimbi ya Kichawi", opera (mchezo wa kuimbwa) ya mtunzi wa muziki Mozart iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1791, Papageno, mtega ndege ambaye ndiye mchekeshaji mkuu, anaamini kwamba amempoteza mpenzi wake Papagena, anaamua kufa, kisha anahesabu polepole mpaka tatu akitumaini kwamba atatokea mtu wa kumzuia. Watazamaji hucheka anavyoivuta hesabu hiyo, na papo hapo huelewa kwamba mtu huyu anatamani kuitwa arudi. Vijana watatu wanamzuia na kumkumbusha kengele za ajabu alizo nazo. Anazipiga, na mpenzi wake anatokea. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Thomas Niederkrotenthaler, waliochunguza habari za magazeti nchini Austria, walilitumia jina la Papageno kueleza jambo walilolibaini: habari za watu waliofikiria kujiua kisha wakapata njia ya kuvuka dhiki zao ziliambatana na kupungua kwa vifo vya aina hiyo.

Hapo ndipo ninapoulaumu mchezo mliouona. Mtunzi alifanya vema kutoonyesha tendo lenyewe, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani liliwashauri watunzi wa filamu na michezo ya jukwaani katika mwongozo wake wa mwaka 2019. Lakini wageni wote wale, hakuna hata mmoja aliyevuta kiti akauliza, "Una nini?" Tena mchezo unatuachia dhana kwamba kuachwa peke yake kunatosha kumfikisha mtu huko, ilhali mara nyingi huwa kuna mambo mengi yaliyokwisha kurundikana, kama vile sonona, upweke, deni au ulevi, ambayo yangeweza kushughulikiwa.

Sasa niseme linalonihangaisha zaidi, nalo ni kimya cha rafiki yako. Huenda aliuchukia mchezo tu, huenda alijiona mle ndani. Usikisie, mwulize. Tafuta wakati mkiwa wawili, bila haraka, umwambie kwamba uliona ametoka kimya, kisha umwulize kwa maneno ya wazi kama amewahi kufikiria kujiua. Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia mtu wazo hilo. Halimpandikizii, na mara nyingi humpunguzia mzigo wa kulificha. Akikataa, mwache aendelee kuzungumza juu ya uchumba wake bila kumharakisha apone. Akikubali, usimwahidi kwamba utaficha siri hiyo na usimwache peke yake: mshirikishe mtu wa karibu anayemwamini, ondoeni karibu naye chochote anachoweza kujidhuru nacho, na umsindikize siku hiyohiyo kwa daktari au mshauri nasaha, ukae naye mpaka aitwe ndani.