Mgonjwa wa kisukari yuko seli: je, matibabu yangoje bondi?

SWALI: Wakili, salamu kutoka Arua, Uganda. Kaka yangu, mwendesha boda, alikamatwa jana jioni kwa kesi ya pikipiki ya wizi. Ana kisukari na hujidunga insulini kila siku. Leo asubuhi tumemkuta anatapika. Askari wa kaunta anasema tusubiri bondi (dhamana ya polisi) isainiwe, kisha tumpeleke hospitali wenyewe. Sheria inasemaje?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Bondi isiwachelewesheni. Mtu wa insulini aliyekosa dozi akianza kutapika, kuhema kwa nguvu au kusinzia ovyo, hiyo ni dharura inayoweza kumuua, na askari asiyeujua ugonjwa huu anaweza kudhani amelewa. Rudini kituoni sasa hivi.

Bondi inahusu kuachiliwa, matibabu yanahusu uhai. Ibara ya 23(5) ya Katiba ya Uganda ya 1995 inasema mtu aliyezuiliwa aruhusiwe kupata matibabu, na ndugu zake, wakili wake na daktari wake wapewe nafasi ya kumwona. Haikuweka sharti la bondi, wala haikutofautisha kesi ndogo na kubwa. Kaka yako anaweza kupelekwa hospitali ya rufaa ya Arua chini ya ulinzi, akatibiwa, akabaki mtuhumiwa vilevile. Kwa hiyo kituoni msibishane kama aliiba au hakuiba. Mabishano hayo yatakula saa ambazo hana.

Mwombeni mkuu wa kituo mwenyewe, si askari wa kaunta peke yake. Semeni kwa mdomo, kisha andikeni barua fupi, hata kwenye karatasi ya daftari: jina la kaka yako, saa aliyokamatwa, ugonjwa wake, dozi ya mwisho alidungwa lini, mnayoyaona sasa, na kwamba mnaomba apelekwe hospitali mara moja. Andikeni nakala mbili. Moja ibaki kituoni, nyingine isainiwe na aliyeipokea, aandike na saa. Akikataa kusaini, andikeni jina lake au namba iliyo kwenye sare yake, na awepo shahidi, kwa mfano mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Nimeona mara nyingi barua ya mistari mitano ikifungua mlango uliowashinda watu waliokuwa wakilia nje, kwa sababu ofisa akishapokea maandishi hawezi tena kusema hakujua.

Bebeni kile kitabu chake cha kliniki, hata kama ni daftari la shule lenye mihuri ya hospitali, pamoja na dawa. Wakiwaambia kituo hakina friji, waambieni chupa ya insulini iliyokwisha kufunguliwa hustahimili joto la kawaida la chumba kwa takriban wiki nne. Lakini msimdunge wenyewe kwa kukisia. Sukari ipimwe kwanza, maana insulini kwa mtu asiyekula inaweza kumwangusha vibaya.

Kuhusu gharama: Katiba inamtaka mzuiliwa ajilipie pale anapoomba hospitali ya binafsi. Wakiomba hela ya mafuta ya gari, mkiweza kuokoa maisha kwa kutoa, toeni, ila andikeni kiasi na aliyeipokea. Wajibu wa kumfikisha hospitali unabaki kwa wanaomzuia.

Wakikataa, msilale. Pandeni kwa kamanda wa polisi wa wilaya, na siku hiyohiyo mfike ofisi ya Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda hapo Arua. Tume ina uwezo wa kuagiza mtu aachiliwe na alipwe fidia. Kitengo cha nidhamu cha polisi, kinachojulikana kama PSU, nacho hupokea malalamiko. Sheria ya kutekeleza haki za binadamu ya 2019 inaruhusu ofisa awajibishwe yeye binafsi, na sheria ya kupinga mateso ya 2012 inahesabu hata kuacha kutenda kuwa mateso, pale mtu anapoachwa kwa makusudi aumie vikali. Ile nakala iliyosainiwa ndiyo itakayokuwa ushahidi wenu.

Jambo la mwisho: saa 48 za kumfikisha mahakamani zinahesabiwa tangu alipokamatwa jana jioni. Kesho jioni zikitimia bila kufikishwa, tafuteni wakili, au Justice Centres Uganda kama hamna uwezo wa kulipa.