Usinunue bunduki ya .30-06 kwa ajili ya bweha. Mimi nililipa maksai wawili.

Simama hapo hapo, mkuu. Kama umeshatoa kianzio cha hiyo bunduki, kesho asubuhi kakidai.

Umesema uko Kaliua, bweha wamekumalizia kuku na sasa wameanza vitoto vya mbuzi, na kuna mtu amekushauri uchukue .30-06 iliyotumika kwa sababu "ukiwa na hiyo umemaliza, unapiga kuanzia bweha mpaka nyati". Unauliza ufunge darubini gani, kibali kinachukua muda gani na uandae shilingi ngapi. Nimesoma hilo neno "umemaliza" mwili ukanisisimka. Ndilo neno nililoambiwa mimi.

Niko Nzega, Tabora hii hii, shamba langu linaishia kwenye mbuga. Anayezijua mbuga za huku anajua zilivyo: udongo mweusi tambarare, migunga hapa na pale, jicho linaenda mpaka linachoka bila kukutana na kilima. Ilikuwa mwezi wa kumi, mtama tulishavuna, ardhi imepasuka kwa jua, watu wanasubiri mvua za kwanza watie jembe. Bweha walikuwa wamenichukulia kuku kumi na kitu na kitoto kimoja cha mbuzi. Nikamvizia mmoja usiku kwa tochi. Alisimama ubavu, hatua kama 70, macho yanawaka. Nikapiga, akaanguka pale pale. Nilifurahi, nikamwita mke wangu aje aone.

Ndipo tukasikia ng'ombe. Ule mlio mfugaji yeyote anaujua, na akiusikia hahitaji kuambiwa.

Boma la jirani yangu liko mita kama 400 kutoka kwangu, upande ule ule niliopiga. Mchana ninaliona kila siku. Usiku ule sikuliona, na ukweli ni kwamba halikunijia hata kichwani. Risasi ilimpita bweha, ikadunda kwenye ule udongo mkavu, ikavuka shamba lote, ikapenya uzio wa miiba, ikamwingia maksai nyuma ya bega.

Kisha mwano ukapigwa. Kwa asiyetoka huku, mwano ni yowe la kuwaita sungusungu, na sungusungu wa huku walianza miaka ya mwanzo ya 1980 kwa sababu ya wezi wa ng'ombe. Jirani alisikia bunduki, akamkuta maksai wake chini anavuja damu, sasa angefikiria nini zaidi ya wezi? Dakika chache baadaye wanaume wenye mishale na marungu wanakuja upande wangu, na mimi nimesimama katikati ya shamba, bunduki mkono mmoja, tochi mkono mwingine. Aliyeniokoa ni mke wangu. Alianza kupaza sauti kwa Kinyamwezi akiwaita kwa majina, mmoja mmoja, mpaka wakamtambua. Bila yeye nisingekuwa naandika hapa.

Tulipofika bomani nikaona kitu ambacho mpaka leo kinaniamsha usiku. Hatua tatu kutoka pale alipoanguka maksai, nje ya uzio, palikuwa na mkeka. Wajukuu wawili wa yule mzee walikuwa wamelala hapo kwa sababu ya joto. Mzee hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulikuwa unampiga nani?" Nikamjibu, "Bweha, mzee." Akautazama mkeka, hakuniambia neno jingine usiku ule.

Wazee walipokaa walinitaka nilipe maksai wawili kwa mmoja aliyekufa. Sikubisha. Maksai wa jembe hufundishwa wakiwa jozi, na aliyebaki hakubali kufungwa nira na mgeni wiki mbili kabla ya mvua. Kumlipa mzee mmoja kungekuwa kumwachia jozi isiyolima. Nikatoa jozi yangu mwenyewe. Maana yake mvua ziliponyesha, mimi ndiye niliyebaki bila jembe. Mwaka ule nililima kwa mkono ekari mbili kati ya saba, na watoto walirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Bunduki na leseni vilichukuliwa polisi kwa uchunguzi, vikarudi baada ya miezi saba. Sasa piga hesabu: kuku kumi na kitu na kitoto cha mbuzi, dhidi ya hayo yote. Na watoto wawili ambao Mungu aliwaepusha kwa hatua tatu.

Sasa nimseme aliyeniuzia maneno. Nilikwenda dukani nikamweleza vizuri kabisa kwamba adui yangu ni bweha, na kwamba nakaa kwenye mbuga. Hakuniuliza swali hata moja kuhusu shamba. Hakuuliza majirani wako wapi, wala nitapiga usiku au mchana, wala nyuma ya mnyama kutakuwa na nini. Aliniambia bunduki ndogo ni za kupigia njiwa, mwanaume anabeba ya thelathini. Halafu akanifungashia risasi za solidi, kwa sababu ndizo alizokuwa nazo. Solidi, mkuu! Ile imefunikwa chuma kigumu mpaka nchani, imetengenezwa ipite ngozi nene na mfupa wa nyati bila kupinda. Ukimpiga nayo bweha ni sawa na kutoboa mkate kwa msumari, haijui hata kama imegusa kitu. Ya kupigia mnyama mdogo ni softi, ile yenye ncha laini, inayofunguka ikiingia mwilini na kupoteza nguvu humo humo. Mtu anayeuza silaha anajua tofauti hii. Alijua, akanyamaza, akapokea hela yangu. Nimemsamehe mambo mengi, hilo bado.

Angalia namba zenyewe. .30-06 ni risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906, ndiyo maana ya hiyo 06. Risasi yake ya greni 180, karibu gramu 12, inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 820 hivi kwa sekunde, na nguvu yake ni kama jouli 3,900. Ukiielekeza juu inaweza kutua zaidi ya kilomita 4 mbele. Bweha wa miombo yetu, bweha miraba, ana kilo 7 mpaka 12. Mwili huo hauwezi kuisimamisha risasi iliyoundwa kwa mtu na ikazoeleka kwa wanyama wa kilo mia kadhaa. Inatoka upande wa pili na karibu nguvu yake yote, inaendelea na safari, na inakokwenda wewe huoni.

Uingereza, ambako wakulima wanapiga mbweha mwekundu kila mwaka kulinda kuku na wanakondoo, na huyo mbweha wao hampiti bweha wetu kwa mwili, hawatumii makombora. Wanatumia .22 Hornet, ambayo ipo tangu miaka ya 1930, au .223, ambayo risasi yake ya greni 55 ni gramu 3.6 tu. Inakwenda kasi sana, mita 990 hivi kwa sekunde, lakini ya kupigia mbweha ni laini na nyepesi kiasi kwamba ikiingia mwilini inasambaratika, mara nyingi haitoki. Ikigonga udongo nayo inavunjika. Wanaotumia .243 wengi wanafanya hivyo kwa sababu ya kulungu, maana sheria ya England ya mwaka 1991 inataka bunduki ya kulungu wa aina nyingi isipungue inchi 0.240. Yaani hata wao hamu ya bunduki moja kwa kazi zote wanayo, ila wanaishia hapo, na wanaweka risasi nyepesi.

Na usikimbilie upande wa pili ukadhani .22 ya kawaida ni mchezo wa kitoto. Ile ndiyo inayodunda sana. Ni nzito kwa mwendo wake mdogo, haivunjiki, ikigonga jiwe au udongo mkavu inadunda na kuondoka kwa pembe usiyoijua. Boksi lake lenyewe huandikwa hatari mpaka maili moja na nusu. Udongo wa mbuga mwezi wa kumi ni tofali. Mwezi wa pili ni matope na risasi inazama, lakini bweha hawakungojei masika. Tena .22 kwa bweha aliye mbali kidogo inajeruhi tu, anakwenda kufia kichakani siku tatu baadaye. Hilo nalo ni dhambi.

Kwa hiyo kaliba, yaani ukubwa wa risasi, usianze kuichagua kwa mnyama. Anza na mahali risasi itakapoishia. Kama huwezi kunionyesha kwa kidole udongo utakaoipokea, hakuna namba ya bunduki itakayokufaa, hata ndogo namna gani.

Siku hizi nafanya hivi. Nimejenga dungu, lile lile la kulindia mtama, miguu imara ya mninga, nikikaa juu mtutu uko mita 4 kutoka chini. Chambo naweka hatua 30 kutoka dunguni, upande ambao nyuma yake ni shamba langu mwenyewe. Kutoka juu kwenda chini, risasi ikimkosa bweha au ikimpita inachimba ardhi hatua tatu nyuma yake. Ukiwa umesimama chini kama nilivyosimama mimi, risasi hiyo hiyo inagusa ardhi kwa pembe ndogo mno, na ardhi ikiwa kavu inadunda na kuendelea mpaka ikutane na mtu. Hizo mita 4 za miti ndizo zimenifaa kuliko kifaa chochote kilichowahi kuuzwa dukani. Pale chambo nimelima, nimevunja mabonge na kuokota mawe, udongo uwe laini.

Na bunduki yenyewe ni ya marisau, namba 12. Kwa hatua 30 inatosha kabisa, na punje ndogo zinachoka mapema, hazifiki mita 400. Zile punje kubwa za kupigia paa sizitumii. Kama shamba lako linakulazimisha upige mpaka hatua 100 au zaidi, basi Hornet au .223 ya softi nyepesi, kutoka dunguni, na kabla hujatoa hela uliza polisi wilayani kwako kama aina hiyo inaruhusiwa kumilikiwa.

Halafu hakikisha ni bweha kweli. Bweha miraba anakula matunda, panya, wadudu na mizoga, kuku ndiyo anawapenda. Kitoto cha mbuzi anaweza kuchukua, lakini ukikuta mbuzi mkubwa kararuliwa nyuma na wengine wamekufa bila kuliwa, tafuta mbwa wa kijijini kwanza. Mimi wawili niliowasingizia bweha walikuwa wa mbwa, nyayo zilikuwa pale nikazikanyaga kwa hasira. Na bweha anayekuja mchana bila kuogopa mtu, akitokwa na ute, usimsogelee wala mbwa wako wasimguse, huyo ni wa kuripoti haraka kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Vyovyote iwavyo, bweha ni mnyamapori, ni mali ya nchi chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009. Mwone afisa wanyamapori wa wilaya kabla hujainua mtutu, akuandikie.

Kabla hujanunua chochote, fanya jambo moja mchana kweupe. Simama pale unapotaka kupigia, geukia pale bweha wanapopita, kisha tembea mstari ulionyooka bila kukwepa kitu. Usiishie kwenye mpaka wako. Tembea kilomita nzima, na uhesabu kila kitu unachokutana nacho: nyumba, boma, bani la kukaushia tumbaku, kisima, njia ya watoto wa shule, mti ambao watu wanapumzika chini yake. Urudi hapa uniandikie ulikutana na nini, ndipo tuongee habari ya bunduki.