Maswali na majibu: bunduki ya kwanza ya shabaha za mbali

Maswali ya safari hii yote yanazunguka jambo moja: mtu anataka kuanza kulenga shabaha za mbali, na hajui anunue bunduki ipi. Nachukulia kwamba kila aliyeuliza anafuata taratibu za kibali na ana klabu yenye uwanja na msimamizi. Kama bado, anza huko. Klabu nyingi zina bunduki za kujifunzia, na siku mbili tatu ukiwa umelala kwenye mkeka na bunduki ya kuazima zitakufundisha mengi kuliko ukurasa huu.

Mwalimu, shikamoo. Nataka kufika mita 1,000. Rafiki yangu ananishauri ninunue .300 Winchester Magnum moja kwa moja, nisije nikanunua mara mbili. Nimsikilize?

Marahaba. Usimsikilize. Hiyo risasi (bunduki hizi huitwa kwa jina la risasi zake) itafika mita 1,000, sibishi. Atakayechelewa kufika ni wewe. Teke lake ni kubwa. Ukishapiga ishirini, bega linaanza kukumbuka, na mwili unajifunza kujikunja kabla ya mlio. Mwenyewe hutajua. Kuna jaribio la zamani: mwombe msimamizi akupakilie risasi bila wewe kuangalia, akichanganya humo moja ya bandia. Ikifika zamu ya ile ya bandia utasikia "ka!" tu, na wote mliopo mtaona mdomo wa mtutu ukichovya chini kama kuku anayedonoa. Nimewaona watu wazima wakicheka kwa aibu hapo. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Kisha kuna mtutu wenyewe. Baruti nyingi kwenye tundu jembamba huunguza koo la mtutu, yaani pale kichwa cha risasi kinapoingia kwenye mifuo, ile michirizi ya ndani ya mtutu inayokizungusha. Mtutu wa .300 hii unaweza kuchoka kabla ya risasi 2,000. Anayejifunza kwa bidii humaliza hizo haraka, na kila moja inagharimu. Kipimo changu kwa bunduki ya kwanza ni hiki: nunua ile utakayoweza kuilisha. Risasi mia kila wiki za bunduki ndogo zinajenga mlengaji kuliko kumi kwa mwezi za bunduki kubwa.

Kwa hiyo unataka nianze na bunduki ndogo ya .22 kama mtoto?

Ndiyo, na hao watoto watakushinda kwa muda.

Risasi ya .22 LR ya mashindano ina kichwa cha greni 40, karibu gramu 2.6, kinachotoka kwa takriban mita 330 kwa sekunde, pembezoni mwa kasi ya sauti. Ni polepole, na hapo ndipo raha ilipo. Ukiirekebisha ipige katikati kwa mita 50, ukifika mita 200 itakuwa imeshuka zaidi ya mita moja na nusu. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ule unaotikisa majani na matawi madogo, huisukuma zaidi ya sentimita 10 kwenye mita 100 tu. Kwa hiyo kwenye uwanja wa mita 200 unapata masomo ya umbali mkubwa: kuzungusha virekebishi vya darubini, kusoma upepo, kuandika daftari. Tena haina teke la kuficha makosa. Ukivuta triga kwa pupa, karatasi inakusema.

Chagua ya kukoki kwa mkono, yenye mtutu mzito na kitako cha saizi ya mtu mzima. Jaribu aina nne au tano za risasi, kwa sababu kila mtutu wa .22 una ile unayoipenda, na sababu huelezwi.

Nimeshapiga .22 mwaka mzima. Sasa nasimama kati ya .223, .308 na 6.5 Creedmoor. Ipi?

Hapa ndipo watu hugombana, ngoja nikae vizuri.

.308 Winchester ipo tangu 1952. Kila fundi anaijua, risasi zake za shabaha ni rahisi kuzipata, na mtutu wake huvumilia risasi 5,000 au zaidi. Ubaya wake ni upepo. Kichwa cha greni 175, kwenye mita 900 na upepo ule ule wa kilomita 16 kwa saa, kinahama zaidi ya mita mbili. Ukikaribia mita 1,000 kinaelekea kushuka hadi kasi ya sauti, na hapo vichwa vingi huanza kuyumba.

6.5 Creedmoor ilitolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2007 hasa kwa ajili ya shabaha. Kichwa chake cha greni 140 ni kirefu na chembamba, hukata hewa vizuri, na upepo hukisogeza pungufu ya kile cha .308 kwa takriban robo. Teke ni dogo kuliko la .308. Unalipia kwa mtutu: huchoka kati ya risasi 2,500 na 3,000.

.223 Remington ndiyo watu huisahau. Teke lake ni kama kupigwapigwa begani na rafiki, na risasi zake kwa kawaida ni nafuu kuliko za hizo mbili. Hadi mita 600 inatosha kabisa. Ila uliza msokoto wa mifuo kabla hujatoa pesa. Bunduki nyingi za .223, hasa za kuwindia, zina mzunguko mmoja kwa kila inchi 12, na hiyo haiwezi kukituliza kichwa kirefu cha greni 77 au 80. Kinapinduka angani. Utaona kwenye karatasi tundu refu kama la ufunguo, alama kwamba risasi imepita kwa ubavu. Tafuta mzunguko mmoja kwa inchi 8 au 7.

Kinachoamua ni mashindano unayotaka kuingia. Kundi la F-TR, ambalo mtu hulala na kuegemeza bunduki kwenye miguu miwili, linaruhusu .308 na .223 tu, na bunduki pamoja na darubini yake na miguu isizidi kilo 8.25. Ukija na Creedmoor utapelekwa F-Open, ukakutane na mabingwa wenye bunduki za kilo 10 zilizotengenezwa kwa oda. Kama unapiga kwa starehe yako na uwanja unafika mbali, chukua Creedmoor. Kama uwanja wako unaishia mita 500 au 600, .223, na wala usione haya.

Nigawe vipi pesa kati ya bunduki na darubini?

Nusu kwa nusu, na ukilazimika kupunguza, punguza kwenye bunduki. Bunduki za kawaida za viwandani siku hizi zinapiga vizuri kuliko wanaozinunua. Darubini mbovu itakudanganya, na hutajua kama kosa ni lako.

Ukuzaji mkubwa usikutie wazimu. Zungusha kirekebishi cha juu: kila "tik" isikike na ikae mahali pake, na ukirudisha kwenye sifuri, irudi kweli. Kwenye darubini ya miliradiani (kipimo cha pembe), tiki moja kwa kawaida ni sehemu ya kumi ya miliradiani, yaani sentimita moja kwa mita 100. Alama za ndani ya kioo ziwe za kipimo hicho hicho. Kuna darubini zenye alama za miliradiani na tiki za dakika za pembe, ambacho ni kipimo kingine, na anayeuza hakwambii. Kisha angalia kirekebishi cha juu kina nafasi ya kupanda kiasi gani: .308 iliyorekebishwa kwa mita 100 inahitaji miliradiani 10 na ushee kufika mita 900, ndiyo maana watu hufunga darubini kwenye reli yenye mteremko wa dakika 20 za pembe.

Mtutu mrefu una shabaha zaidi?

Hapana, una kasi zaidi kidogo. Inchi 24 hadi 26 zinatosha. Cha maana ni kwamba mtutu usiguse sehemu ya mbele ya kitako iliyo chini yake: pitisha karatasi katikati yao kutoka mbele hadi kwenye chemba, pale nyuma risasi inapokaa. Ikikwama, kuna tatizo.

Natumia mkono wa kushoto. Naweza kuzoea bunduki ya mkono wa kulia?

Utaizoea, lakini kila risasi utanyanyuka ili ukoki. Jua kwanza jicho lako lenye nguvu: tengeneza kitundu kwa viganja viwili, macho yote wazi, tazama kitu cha mbali, kisha rudisha viganja usoni taratibu. Vitakwenda kwenye jicho hilo. Likiwa la kushoto, tafuta bunduki ya kushoto.

Nimepata .308 iliyotumika, bei nzuri. Niangalie nini?

Muulize mwenyewe imepiga risasi ngapi, kisha uongeze kidogo. Hakikisha mwenyewe kwamba chemba ni tupu. Mwombe fundi aingize kamera ndogo kwenye mtutu: koo lililochoka lina nyufa kama tope lililokauka juani. Zungusha pamba kwenye mdomo wa mtutu. Ikiacha nyuzi mahali, pana kidonda, na shabaha itatawanyika. Triga ivutike kwa uzito ule ule kila mara, bila kukwaruza.

Na kaza skrubu zote kabla ya kulaumu chochote. Kuna siku nilipiga tangu asubuhi hadi saa saba mchana matundu yakitawanyika ukubwa wa sahani. Nikabadilisha risasi, nikalaumu upepo, nikamlaumu aliyeniuzia mtutu. Jirani yangu kwenye mkeka akanyoosha mkono, akashika skrubu ya nyuma ya kishikio cha darubini, akaizungusha kwa vidole viwili.